Tanga Mbali na Bahari: Kuanza Kusafiri kwa Upepo Louisville, Columbus na Buffalo

Mvuto wa kusafiri kwa tanga unatokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja: chombo hutembea bila injini, na hutembea pale tu aliyeshika usukani anapouelewa upepo. Demani, yaani kamba ya kulishika tanga, humvuta mkononi, maji hubadilika rangi mbele yake pale upepo unapoyapiga, na akikosea hujibiwa papo hapo, ama tanga likipigapiga, ama chombo kikilala ubavu. Kazi hiyo huishika akili yote. Kwa mtu anayefanya zamu ya usiku ghalani au kiwandani wiki nzima, saa mbili za namna hiyo humpumzisha kuliko siku nzima ya kulala, na sababu hiyo inatosha kumfanya atafute mashua hata katika miji isiyo na bahari.

Louisville, Columbus na Buffalo ni miji yenye wasemaji wengi wa Kiswahili. Wengi wao walifika kama wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, Burundi na Somalia, baadhi baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Miongoni mwao wapo waliokulia Uvira, Baraka au Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika lenye kina kinachofika mita 1,470, ambako wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao. Wapo pia watu wa pwani, wa Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na Barawa. Wengi huamini kwamba maisha ya majini waliyaacha nyuma, kwamba sasa wako bara kabisa, na kwamba mashua ya tanga Marekani ni mchezo wa matajiri. Lakini maji yapo katika miji yote mitatu, na klabu nyingi huwa na mashua zilizo tayari lakini watu wa kuzipanda hawatoshi. Kinachowakosesha wengi nafasi ni kuanza mwishoni, yaani kuanza kwa kutafuta mashua ya kununua.

Maji ya miji hiyo hayafanani, na kila moja humfundisha mtu jambo lake.

Louisville iko kwenye Mto Ohio kwa sababu ya maporomoko. Hapo mto hushuka karibu mita 8 katika umbali wa kilomita 4 hivi juu ya miamba ya chokaa, na hicho ndicho kilichokuwa kizuizi pekee cha asili kwa vyombo kati ya Pittsburgh na Mto Mississippi. Vyombo vililazimika kupakua shehena na kuipakia tena upande wa pili, na mji ulioanzishwa mwaka 1778 ukakua kwa kazi hiyo. Mfereji wa kuyakwepa maporomoko ulifunguliwa mwaka 1830. Leo pana bwawa la McAlpine na malango yake ya kupandisha na kushusha vyombo, na juu ya bwawa hilo maji yametuama na kutanuka kwa zaidi ya kilomita 100. Hapo ndipo penye klabu za matanga, ikiwamo Louisville Sailing Club. Anayetaka kuonja mto kabla ya kushika kamba yoyote anaweza kupanda Belle of Louisville, meli ya mvuke yenye gurudumu la nyuma iliyoundwa mwaka 1914, ambayo bado inabeba abiria kutoka gati la mjini.

Mto hufundisha mkondo. Chombo kinachoelekezwa ng'ambo moja kwa moja hufika chini ya pale kilipolengwa, kwa hiyo omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, huelekezwa juu kidogo ya mto ili njia halisi iwe ya kukata moja kwa moja. Upepo ukivuma dhidi ya mkondo, mawimbi husimama na kuwa mafupi na makali, hata siku ambayo majani ya miti hayatikisiki sana. Baada ya mvua za masika ya huko, kuanzia Machi hadi Mei, mto hujaa, hubeba magogo, na kasi yake huzidi uwezo wa mashua ndogo. Kina na kasi ya mto hutangazwa kila siku na idara ya hali ya hewa, na mwenye kuanza hatoki siku za maji mengi hata kama jua linawaka.

Hatari kubwa zaidi Louisville ni matishari ya mizigo. Msafara wa kawaida katika Mto Ohio una matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yote yakisukumwa na chombo kimoja kilichoko nyuma. Urefu wake hupita mita 300. Aliyeko kwenye usukani, nyuma kabisa, haoni maji yaliyo mbele ya tishari la kwanza kwa mamia ya mita, na hata akirudisha injini nyuma msafara huchukua zaidi ya kilomita moja kusimama. Sheria ya njia za maji inakataza chombo cha tanga kukizuia chombo ambacho hakiwezi kutoka kwenye njia ya kina. Ile kanuni wanayoikumbuka wengi, kwamba chombo cha injini humpisha mwenye tanga, haina nguvu hapo. Kila mashua hapo huwa na nanga iliyofungwa tayari na kasia la kutosha, kwa kuwa upepo ukikatika mkondo huendelea kuivuta kuelekea bwawa. Kamba ya nanga huachiwa mara 7 ya kina cha maji. Ikiwa fupi, nanga hubururwa tu.

Columbus haina mto wa kusafiria kwa tanga. Mito ya Scioto na Olentangy ni myembamba mno. Columbus ina mabwawa, na hayo ndiyo shule bora kwa anayeanza. Hoover, lililojengwa mwaka 1955 karibu na Westerville ili kuupa mji maji ya kunywa, linaruhusu injini zisizozidi nguvu farasi 10 tu, kwa hiyo hakuna boti za kasi zinazochafua maji kwa mawimbi. Alum Creek, kaskazini kidogo, ni kubwa na lina boti za kila aina, na Alum Creek Sailing Association iko huko. Upepo wa mabwawani hukatwa na miti na vilima vya kando, huzunguka, hufa, kisha huja kwa kishindo kutoka upande mwingine. Huwaudhi waliozoea bahari, lakini hufundisha macho haraka, kwani aliyejifunza Hoover huuona upepo juu ya maji kabla haujamfikia.

Mashua za Columbus ni ndogo na za kushirikiana. Interlake, iliyobuniwa mwaka 1932 kwa ajili ya maji ya Ziwa Erie, na Flying Scot ya mwaka 1957 huchukua watu wawili au watatu, na zina ubao wa chini unaoinuliwa ili chombo kiweze kufika ufukweni. Nyingi ni za zamani lakini nzima, na baadhi ya klabu huzikodisha au kuzimiliki kwa pamoja.

Ni Columbus, katika maji ya Julai yenye joto, ambako kupinduka kunapaswa kufanyiwa mazoezi kwa makusudi. Mashua ndogo ikilala, mtu hubaki nayo, hajaribu kuogelea kwenda pwani. Kwanza huhesabu wenzake. Kisha huilegeza demani ili tanga lisishike maji, huzunguka upande wa chini ambako ubao wa chini umejitokeza, hupanda juu yake karibu na mwili wa chombo, hushika ukingo na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Mlingoti huinuka polepole, maji humwagika tangani, halafu chombo husimama kwa ghafla. Mara ya kwanza huchukua dakika nyingi na kikohozi cha maji. Ikishafanyika mara kadhaa, hofu ya kupinduka huisha, na bila hofu hiyo mtu huanza kusikia chombo.

Buffalo ni habari nyingine. Iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, ziwa lenye urefu wa kilomita 388 na wastani wa kina wa mita 19 tu. Ufupi huo wa kina ndio unaolifanya ziwa kuwa kali. Mawimbi yake huinuka upesi, yako karibukaribu, na hayana mwendo mrefu ambao mtu wa Mombasa au Pemba ameuzoea. Aliyevuka Tanganyika katika upepo mkali ataona kitu anachokifahamu, ila hapa hakuna milima ya kumkinga.

Upepo wa kusini-magharibi hupita juu ya urefu wote wa ziwa na kuyasukuma maji kuelekea Buffalo kama ndani ya mfereji. Dhoruba kubwa inaweza kupandisha kiwango cha maji hapo kwa zaidi ya mita 2 ndani ya saa chache, huku mwisho wa pili, Toledo, maji yakikauka kwenye magati. Usiku wa tarehe 18 Oktoba 1844 maji yaliruka ukuta wa bandari na kuingia mitaa ya chini ya Buffalo, na watu 78 wakafa. Kuta za mawe zinazoonekana leo mbele ya bandari zilijengwa na kuongezwa kutokana na mafunzo ya namna hiyo. Kwa mwenye kuanza, mpaka wa mwaka wa kwanza ni kuta hizo, yaani ndani ya bandari ya nje anajifunza, nje yake anakwenda na wenye uzoefu. Mpaka mwingine usiojadiliwa ni mdomo wa Mto Niagara. Ziwa zima humwagika kupitia hapo, chini ya Daraja la Amani, kwa mkondo wenye kasi inayoishinda mashua ya tanga, na mwisho wake ni maporomoko. Vyombo vinavyokwenda kaskazini hupita mfereji wa Black Rock, pembeni.

Pamoja na hayo Buffalo ndio mji unaofanana zaidi na bandari ya nyumbani. Buffalo Yacht Club ilianzishwa mwaka 1860. Spirit of Buffalo, merikebu yenye matanga kadhaa, hubeba abiria wakati wa kiangazi kutoka Canalside, ufukweni mwa mji, na wanaotaka husaidia kuvuta kamba za kupandisha tanga. Buffalo Maritime Center hufundisha uundaji wa mashua za mbao, na mafundi wake na watu wa kujitolea wamejenga nakala ya Seneca Chief, chombo kilichosafiri katika ufunguzi wa Mfereji wa Erie mwaka 1825. Fundi aliyeshika tezo na msumeno Lamu au Nungwi, au aliyejenga mitumbwi ya mbao Kigoma, ana la kuchangia katika karakana kama hiyo hata Kiingereza chake kikiwa kidogo. Kwa mtu wa namna hiyo huo ni mlango mzuri wa kuingilia kuliko darasa.

Jambo ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hulazimika kujifunza upya ni majira ya upepo. Nyumbani kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na kati yake kuna matlai ya asubuhi na umande wa usiku. Nahodha hupanga safari kwa miezi. Katika miji hii upepo hubadilika kwa siku. Hewa ya baridi inayoshuka kutoka Kanada ikikaribia, upepo hutoka kusini na joto huongezeka. Mawingu meusi yakifika kutoka magharibi, upepo hukatika dakika chache, kisha hurudi kutoka kaskazini-magharibi ukiwa mkali mara mbili. Ule utulivu mfupi ndio unaowaponza wageni, ambao hudhani mambo yamekwisha. Anayesikia radi hushusha tanga na kwenda ufukweni, wala harudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu radi ya mwisho. Kwa mwaka wa kwanza siku nzuri ni zile ambazo utabiri unataja upepo usiozidi kilomita 20 kwa saa.

Chombo chenyewe pia ni tofauti. Ngalawa, mashua na jahazi hubeba tanga kwenye mti wa juu uitwao foromali, na chini ya tanga hakuna mti. Mashua za huku zina gongo refu chini ya tanga kubwa, na upepo ukipita nyuma ya chombo gongo hilo huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa nguvu ya kuvunja kichwa. Kila anayepanda huambiwa kuinama, na mzoefu wa jahazi anapaswa kuinama zaidi kwa kuwa mwili wake haukuzoea kulitarajia. Kwa upande mwingine, mashua hizi hubisha kwa wepesi, hukaribia upepo zaidi, na hugeuka bila kazi ile ya kuhamisha foromali. Aliyewahi kukaa juu ya ubao unaotoka ubavuni katika mashindano ya Lamu, uzito wake ukikizuia chombo kisilale, atakuta wanamashua wa Hoover wakifanya jambo lilelile kwa miguu iliyobanwa kwenye mikanda.

Hatua za kuanza zina mpangilio wake. Ya kwanza ni kuogelea. Watu wengi wa maziwa na pwani hawakufundishwa, na familia nyingi zimebeba majonzi ya meli ya MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, au ya vyombo vidogo ambavyo magazeti hayakuviandika. Hofu hiyo ina msingi na haiponi kwa maneno. Huponywa bwawani, kwa mwalimu. Vituo vya YMCA viko katika miji yote mitatu na hufundisha watu wazima, na baadhi ya mabwawa hutenga saa za wanawake peke yao. Nguo za kufunika mwili hazizuii mtu kuogelea wala kusafiri kwa tanga, mradi ziwe za nyuzi zisizonywa maji na zisizopepea. Kanga, baibui na suruali za jinzi zikilowa huwa mzigo, na mtandio mrefu hunaswa na kamba. Mtandio wa michezo unaobana kichwa hukaa vizuri chini ya jaketi okozi.

Jaketi hilo huvaliwa tangu gatini. Sheria inataka liwepo moja kwa kila mtu chomboni. New York inaongeza kwamba katika vyombo vifupi kuliko mita 6.4 kila mtu alivae kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Mei, na sababu ni maji baridi. Anayeanguka katika maji ya Aprili hupata kama dakika 1 ya kudhibiti pumzi yake inayokatika, dakika 10 hivi za mikono na miguu kufanya kazi, na karibu saa 1 kabla ya fahamu kupotea. Wengi hufa katika dakika ile ya kwanza, kwa kuvuta maji, hata wakiwa waogeleaji hodari. Jaketi huwavusha hapo.

Hatua ya pili ni darasa. US Sailing na American Sailing hutoa vyeti vya ngazi mbalimbali, na cheti cha ngazi ya kwanza hupatikana kwa siku chache za mafunzo. Anayebanwa na fedha aanze hatua ya tatu moja kwa moja: kuwa baharia wa mtu mwingine. Klabu nyingi hushindana jioni mara moja kwa wiki, mara nyingi Jumatano, na wenye mashua huhangaika kupata watu. Mgeni hufika nusu saa kabla, akiwa na viatu vyenye soli laini isiyoacha alama nyeusi, glavu, maji ya kunywa na jaketi lake, na kusema waziwazi kwamba hajui kitu ila anataka kujifunza. Hukubaliwa mara nyingi zaidi kuliko anavyotarajia. Akifika kwa wakati kila wiki na kusaidia kukunja matanga baada ya mashindano, kufikia Agosti atakuwa na nafasi yake, na gharama yake itakuwa petroli ya kufika gatini. Majina ya kamba na amri kwa Kiingereza hayazidi 30 na hujifunzwa kwa mkono.

Kununua mashua kunafaa kusubiri angalau msimu mmoja kamili. Bei ya mashua ya mtumba huwa ndogo kuliko gharama za kuitunza: nafasi ya kuiegesha, bima, trela, matanga, na kuhifadhi wakati wa baridi. Mashua iliyotolewa bure mara nyingi ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote. Ohio hutaka mashua za tanga zisajiliwe hata zisipokuwa na injini, ilhali Kentucky na New York husajili zenye injini. Kwa kuendesha chombo chenye injini, New York tangu tarehe 1 Januari 2025 hudai cheti cha usalama kwa kila mtu, na Ohio hukidai kwa waliozaliwa tarehe 1 Januari 1982 au baadaye wakiendesha injini inayozidi nguvu farasi 10.

Buffalo ina tahadhari moja inayowahusu wahamiaji hasa. Pwani ya Kanada inaonekana kwa macho, na klabu hutembeleana. Anayetia nanga au kushuka upande wa pili anakuwa ameingia nchi nyingine, na lazima ajiandikishe kwa maofisa wa huko, kisha wa Marekani anaporudi. Asiye raia ahakikishe kabla ya kufungua kamba kwamba hati zake zinamruhusu kuingia Kanada na kurudi. Mkimbizi huhitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Mwenye chombo hufikiria upepo na chakula, na huenda asikumbuke kumuuliza baharia wake swali hilo.

Wako wanaotaka zaidi ya jioni ya Jumatano, wanaotaka kuishi majini. Louisville inatoa njia ya mshahara. Kampuni za matishari, ikiwamo American Commercial Barge Line yenye makao Jeffersonville ng'ambo ya mto, huajiri mabaharia wa sitaha wanaokaa wiki kadhaa mfululizo chomboni, kwa zamu za saa sita sita, kisha wiki kadhaa nyumbani. Kazi ni nzito, ya kufunga nyaya za chuma usiku na kwenye barafu, na kadi ya usalama ya TWIC huhitajika, ambayo mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuiomba. Familia ikubaliane kwanza kuhusu miezi hiyo ya kutokuwepo.

Buffalo haikaliki chomboni mwaka mzima. Mashua hutolewa majini Oktoba, maji ya injini hubadilishwa au kukaushwa ili injini isipasuke, na ziwa hushika barafu. Tangu mwaka 1964 mnyororo wa maboya huwekwa kila majira ya baridi kwenye mdomo wa Niagara kuzuia barafu isishuke mtoni kwa wingi. Anayetaka bahari ya chumvi hutoka kabla ya hapo, kwa njia ya Mfereji wa Erie hadi Mto Hudson na New York. Bandari hiyohiyo ya New York ndiyo aliyoifikia Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, tarehe 30 Aprili 1840 na meli ya sultani huyo iitwayo Sultana, akitoka Zanzibar na karafuu na pembe za ndovu. Wakati huo mfereji ulikuwa na miaka 15 ukiunganisha bandari hiyo na Buffalo. Madaraja ya upande wa magharibi wa Mfereji wa Erie huacha nafasi ya mita 4.7 tu juu ya maji, kwa hiyo mlingoti hung'olewa karibu na Tonawanda, hulazwa juu ya sitaha kwenye vigingi vya mbao, na kusimamishwa tena Hudson. Mfereji hufunguliwa katikati ya Mei na kufungwa katikati ya Oktoba. Kwa wiki mbili hadi tatu za safari isiyo na haraka, kuondoka mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba huacha muda wa kusubiri upepo Hudson kabla baridi haijaanza.